Kusoma UX chuoni: kuanzia intavyuu ya kwanza mpaka ripoti ya tathmini, hatua kwa hatua

Mtu akisikia kozi ya UX, yaani uzoefu wa mtumiaji, akili inakimbilia kwenye rangi, fonti na skrini za kupendeza. Unakuta kundi linakesha kwenye Figma, programu ya kuchora skrini, wiki nzima, siku ya presentesheni mwalimu anauliza swali moja tu, "mmejuaje kama watu wanaweza kuitumia hii?", na hapo wote mnaangaliana. Mwongozo huu ni wa kukusaidia usifike hapo. Na niseme mapema msimamo wangu: kwenye kozi hii kupima ndo kazi yenyewe, kuchora ni njia ya kupata kitu cha kupima. Ukishika hilo hata mpangilio wa semesta unabadilika.

Ili tusiongee hewani nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho: app ya wanafunzi kubuku chumba cha kujisomea maktaba. Ni kitu cha kawaida, na watumiaji wapo hapohapo chuoni.

Hatua ya 1: Soma asaimenti kama mtu anayetafuta alama

Kabla ya chochote chukua ile karatasi ya maelekezo na jedwali la kusahihishia, piga mstari kila palipoandikwa tathmini, ushahidi, sababu, tafakuri. Angalia muonekano wa skrini umepewa alama ngapi, mara nyingi ni chache kuliko mnavyodhani. Alafu gawa muda wenu kufuata alama, sio kufuata kinachofurahisha.

Hapohapo weka sawa maana ya maneno, maana kwenye mtihani yanaulizwa. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-11, kilichotoka 1998 na kufanyiwa marekebisho 2018, kinapima utumikaji kwa vitu vitatu: mtu anafikia lengo lake, analifikia bila kupoteza nguvu na muda mwingi, na anaridhika. Ila kuna kipande watu wanakiruka, kwamba vyote hivyo vinapimwa kwa watumiaji fulani, wenye malengo fulani, kwenye mazingira fulani. Kwa hiyo sentensi kama "app yetu ni rahisi kutumia" haina maana yoyote mpaka useme rahisi kwa nani, akifanya nini, akiwa wapi. Uzoefu wa mtumiaji ni mpana zaidi, unaingiza mtu anachotarajia kabla ya kutumia, anavyojisikia akitumia, na anachobaki nacho baada ya hapo. Neno lenyewe lilipata umaarufu baada ya mtaalamu wa saikolojia na usanifu Don Norman kulitumia kwenye cheo chake pale Apple mwaka 1993, lakini mizizi ya taaluma ni ya zamani zaidi na imetoka kwenye saikolojia. Ndo maana utakutana na sheria ya Fitts ya 1954, inayosema muda wa kufikia kitufe unategemea umbali wake na ukubwa wake. Usiikariri tu. Fungua app yoyote kwenye simu, angalia kitufe kikuu kimewekwa wapi na kidole gumba kinafika vipi, utaielewa dakika hiyohiyo.

Hatua ya 2: Punguza tatizo mpaka lionekane dogo sana

"Kuboresha huduma za maktaba" sio mada, ni ilani ya uchaguzi. "Mwanafunzi apate chumba cha leo jioni kwa ajili ya kundi lake bila kwenda kaunta" hiyo ni mada. Ikionekana ndogo mpaka mnaogopa mwalimu atawacheka, mko sehemu salama.

Hatua ya 3: Ongea na watu kabla hujafungua programu yoyote ya kuchora

Hapa wengi wanatuma dodoso mtandaoni kwenye magrupu, wanapata majibu kibao ya "ndiyo ningeipenda" na wanaona wamefanya utafiti. Hapana. Mtu ukimuuliza kama angependa kitu kipya atakubali tu, hata kwa heshima. Muulize kilichotokea kweli. Badala ya "ungependa app ya kubuku vyumba?" uliza "mara ya mwisho ulipotaka chumba ulifanyaje?" alafu nyamaza. Atakwambia alimtumia rafiki ujumbe aende akaangalie kama kuna nafasi, akaacha begi mezani kushikilia, wakaja wenzake wamechelewa. Hayo yote usingeyapata kwenye dodoso kwa sababu hukujua kama ni ya kuulizwa.

Mambo machache ya intavyuu:

- Uwe na maswali makuu matano sita tu, mengine yatatoka kwenye majibu yake.
- Akisema "huwa", mrudishe kwenye siku moja maalum. "Huwa" ni maoni, siku moja ni tukio.
- Omba akuonyeshe, sio akuelezee. Kama anatumia karatasi ya ratiba au grupu la kuchati, muombe aifungue mbele yako.
- Mmoja aulize mwingine aandike. Mtu mmoja hawezi kufanya yote mawili vizuri.

Ridhaa ni lazima. Karatasi fupi inayosema mnafanya nini, mnarekodi nini, nani ataona, mtaifuta lini, na kwamba anaweza kuacha wakati wowote bila kutoa sababu. Vyuo vingi vinataka utafiti unaohusisha watu upitishwe kimaadili kabla hujamgusa mshiriki, kwa hiyo muulize mwalimu wiki ya kwanza kama kozi ina kibali cha jumla au kila kundi linaomba lake. Ukiuliza wiki ya sita umechelewa.

Ukirudi na notisi, andika kila jambo moja kwenye kikaratasi chake, bandika ukutani, alafu kusanyeni yanayofanana bila kuamua majina ya mafungu kabla. Hii inatokana na njia ya KJ, imepewa herufi za mtaalamu wa Kijapani Jiro Kawakita. Siri yake ni hiyo ya majina kuja mwisho, maana ukianza na majina utalazimisha data iingie kwenye ulichokuwa unakiamini tangu mwanzo.

Kuhusu persona, yaani mtu wa mfano mnayemchora kuwakilisha aina fulani ya watumiaji, sina ugomvi nazo ila persona isiyotoka kwenye intavyuu ni mhusika wa hadithi. Kama umeandika "anapenda muziki na kusafiri" na hiyo haibadilishi kitu chochote kwenye skrini, futa.

Hatua ya 4: Andika kazi za kupimia sasa hivi, ukiwa bado hujachora

Watu wengi hawafanyi hivi. Andika kazi tatu au nne ambazo mtumiaji atapewa siku ya testi. Ukiziandika kabla ya kuchora zinakuwa kama mkataba, ukiziandika baada utaandika zile ambazo unajua prototaipu yako, yaani mfano wa app wa kujaribia, inaziweza.

Kazi nzuri ina hali na lengo, haina maneno yaliyomo kwenye skrini. Kama kitufe kimeandikwa "Buku chumba" usimwambie "buku chumba", umeshampa jibu. Mwambie: "Wewe na wenzako watatu mnataka kukaa pamoja kesho saa kumi jioni kuandaa presentesheni, mna laptopu moja ila mnahitaji skrini kubwa. Hakikisha mna sehemu." Na kwa kila kazi andika pembeni, kwa ajili yenu tu, kufaulu ni nini. Ameona ujumbe wa uthibitisho? Au inatosha chumba kimewekwa hata kama hajajua? Mkikubaliana mapema hamtagombana wakati wa kuhesabu.

Hatua ya 5: Karatasi kwanza

Chora skrini kwa kalamu, wayafremu tupu, yaani mistari na maboksi bila mapambo, kila skrini karatasi yake. Mwenzako mmoja awe ndo kompyuta, mshiriki akigusa kitufe cha karatasi yeye anabadilisha karatasi. Inaonekana kichekesho ila ina faida mbili kubwa: mtu akiona mchoro wa haraka anakosoa bila kuona haya, na wewe huumii kuutupa. Ukishatumia siku tatu kupanga vivuli vya vitufe utaanza kumtetea mtoto wako.

Baada ya raundi moja ya karatasi na marekebisho ndo uhamie Figma au chochote mnachofundishwa. Tengeneza njia za zile kazi zako tu, usitengeneze skrini ya mipangilio ambayo hakuna atakayeigusa. Tumia data zinazofanana na za kweli, majina marefu, chumba kilichojaa, tarehe isiyo na nafasi kabisa. Skrini ya "hakuna chumba" ndo inaonyesha kama umefikiri.

Na ufikivu, yaani watu wenye ulemavu nao kuweza kuitumia app, usiwe aya ya mwisho ya ripoti. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti, toleo la 2.2 la Oktoba 2023, unataka kwa kiwango cha AA (cha kati kati ya vitatu) maandishi ya kawaida yawe na utofauti wa angalau 4.5 kwa 1 dhidi ya rangi ya nyuma, na maandishi makubwa 3 kwa 1. Kijivu kilichofifia juu ya nyeupe, ambacho kila mwanafunzi anakipenda, mara nyingi kinafeli hapo. Kupima ni sekunde chache kwa programu ya bure.

Hatua ya 6: Tathmini bila watumiaji

Kabla hujawasumbua watu, ondoa makosa ya wazi. Watafiti Jakob Nielsen na Rolf Molich walieleza tathmini ya heuristiki, yaani kukagua skrini kwa kuzilinganisha na kanuni za jumla za muundo mzuri, mwaka 1990, na orodha ya kanuni 10 inayotumika mpaka leo Nielsen aliiweka sawa 1994. Zipo kanuni kama mfumo uonyeshe unafanya nini muda wote, mtu aweze kujitoa alipoingia kwa bahati mbaya, asilazimishwe kukumbuka kitu ambacho kingeweza kuonekana.

Inavyofanyika: watu 3 mpaka 5, kila mmoja anapita PEKE YAKE na kuandika matatizo, alafu ndo mnakutana kuunganisha. Mkikaa pamoja toka mwanzo mnapata macho ya yule anayeongea sana. Kama mnaweza badilishaneni na kundi lingine, wao wakague yenu nyie mkague yao, maana mtu haoni vumbi la nyumbani kwake.

Kila tatizo liandikwe kwa mtindo huu: liko wapi, linavunja kanuni gani, litamfanya mtumiaji nini, ukali wake kati ya 0 na 4, ambapo 0 ni sio tatizo na 4 ni janga, lazima lirekebishwe kabla ya kutoka. "Kalenda ni mbaya" sio tatizo, ni hasira. "Kwenye kalenda, siku zilizojaa zina rangi ileile ya siku zenye nafasi, mtu atagundua baada ya kubonyeza, ukali 3" hilo ni tatizo. Na kumbuka haya ni makisio ya wataalamu, na nyie bado wanafunzi. Mengine mtayaona na watumiaji hawatayaona kabisa, na kinyume chake.

Hatua ya 7: Testi na watu

Fanya testi ya mazoezi na mtu mmoja ambaye humhesabu kwenye matokeo. Kila mara kitavunjika kitu, linki haifunguki, kazi ya pili haieleweki, rekoda haikuwashwa. Afadhali kivunjike hapo.

Siku yenyewe soma utangulizi kutoka kwenye karatasi, neno kwa neno, ili kila mshiriki apate maelezo sawa. Mwambie tunapima app hatukupimi wewe. Muombe awaze kwa sauti, yaani aseme anachotafuta, anachotarajia, kinachomshangaza, na umpe mfano mfupi wa jinsi ya kufanya hivyo kwenye kitu kingine kabisa.

Sasa angalia inavyokuwa. Mshiriki amechagua chumba, amechagua saa, amebonyeza "Thibitisha". Skrini imebaki vilevile, kuna alama ndogo ya kijani juu kulia. Anabonyeza tena. Anasogeza simu karibu na uso. "Imekubali?" anakuuliza, na hapo mwili mzima unakuwasha umjibu. Usimjibu. Hesabu mpaka tano kimoyomoyo, alafu sema "wewe unaonaje?" Anasema "sijui, labda mtandao", anarudi mwanzo, anatafuta sehemu ya kuona alivyobuku, haipo, anaanza upya. Umepata dhahabu: uthibitisho hauonekani, kuna hatari ya kubuku mara mbili, na watu wanahitaji orodha ya walichobuku. Ungemjibu "ndiyo imekubali" vyote vitatu vingepotea.

Kwenye notisi usiandike "alichanganyikiwa". Andika "alibonyeza Thibitisha mara 2, akauliza imekubali, akarudi skrini ya mwanzo". Tafsiri inakuja baadae mkiwa wengi, tukio likipita bila kuandikwa halirudi.

Ukiona mtu amekwama mpaka anaanza kujilaumu, maliza kazi hiyo kistaarabu nenda inayofuata, na uandike kwamba ulisaidia. Kazi iliyosaidiwa sio kazi iliyofaulu, usijidanganye kwenye jedwali.

Wangapi wanatosha?

Utasikia "watu 5 wanatosha" mpaka uchoke. Imetokana na kazi ya Nielsen na Thomas Landauer ya 1993: kwa wastani wa miradi waliyoiangalia mtumiaji mmoja aligundua karibu 31% ya matatizo, na ukipiga hesabu watu 5 wanafika kama 85%. Ila hiyo 31% ni wastani, sio sheria ya asili. Kama matatizo yako ni ya kujificha, na kila moja lina uwezekano wa 10% tu wa kumpata mshiriki, watu haohao 5 watakuonyesha kama 41% tu. Kwa hiyo andika hivi kwenye ripoti: tulitumia watu 5 kutafuta matatizo ya kurekebisha, hatukuwatumia kuthibitisha kwamba app ni nzuri. Afadhali watano, rekebisha, watano tena, kuliko kumi kwa mkupuo. Na kama mnataka kulinganisha miundo miwili kwa namba, hapo ni hesabu nyingine kabisa, watano hawatoshi.

Hatua ya 8: Namba, kwa adabu

Kipimo utakachokutana nacho kila mahali ni SUS (System Usability Scale), dodoso fupi la utumikaji, kilichobuniwa na John Brooke mwaka 1986. Sentensi 10, mtu anajibu kuanzia 1 mpaka 5. Sentensi za namba witiri zinasifia, za namba shufwa zinaponda, ndo maana hesabu yake inapindapinda. Witiri: jibu toa 1. Shufwa: 5 toa jibu. Jumlisha zote, zidisha kwa 2.5.

Tuseme mshiriki amejibu 4, 2, 4, 1, 5, 2, 4, 2, 4, 3. Witiri zinatoa 3, 3, 4, 3, 3, jumla 16. Shufwa zinatoa 3, 4, 3, 3, 2, jumla 15. Zote 31, mara 2.5 unapata 77.5. Hiyo SIO asilimia, usiandike 77.5%. Wastani unaotajwa sana ni 68, kwa hiyo huyu yuko juu ya wastani. Na SUS haikwambii kibovu ni kipi, inakwambia tu mtu alionaje kwa ujumla. Isome pamoja na matukio uliyoyaona, maana kuna watu wanashindwa kazi mbili kati ya tatu alafu wanakupa 85 kwa upole.

Kufaulu kwa kazi nako kuna mtego. Watu 4 kati ya 5 wamemaliza, unaandika 80% unafurahi. Ukipiga kiwango cha uhakika cha 95% kwa njia inayofaa sampuli ndogo, ukweli unaweza kuwa popote kati ya kama 36% na 98%. Kwa hiyo andika "4 kati ya 5" inatosha, ni kweli na haijidai. Chati ya mduara kwa watu watano, tafadhali, hapana.

Kama mmelinganisha miundo miwili kwa watu walewale, nusu waanze na A nusu waanze na B, la sivyo muundo wa pili utashinda kwa sababu tu watu wameshazoea kazi.

Hatua ya 9: Ripoti

Anza na matokeo makuu, sio historia ya teknolojia. Kila tatizo lipate nafasi yake: picha ya skrini, kilichotokea, kwa wangapi, nukuu moja fupi ya mshiriki bila jina lake, ukali, pendekezo. Mfano: "Washiriki 4 kati ya 5 walibonyeza Thibitisha zaidi ya mara moja. Alama ya kijani iko mbali na kidole na macho yalipo. Pendekezo: skrini nzima ya uthibitisho yenye chumba, siku, saa na kitufe cha kughairi." Mtu anasoma hiyo bila kukuuliza kitu.

Panga kwa ukali, sio kwa mpangilio wa skrini. Weka na kilichofanya kazi vizuri, maana timu ikisoma inaweza kukiondoa bila kujua. Alafu kwenye mapungufu sema ukweli: washiriki wote ni wanafunzi wa kitivo kimoja, wengine ni marafiki zetu, prototaipu haikuwa na data halisi. Walimu wanaheshimu hilo kuliko mnavyodhani, wanachokichukia ni kundi linalodai limethibitisha kitu kwa watu watano.

Kwenye kazi ya kundi, kila mtu aendeshe angalau testi moja, hata yule anayejificha nyuma ya Figma. Mtu ambaye hajakaa na mshiriki ndo atakayebishana na matokeo usiku wa kuamkia dedilaini.

Hatua ya 10: Ibadilishe kuwa potfolio kabla hujasahau

Wiki ileile mnayokabidhi, toa kurasa mbili tatu za kwako. Weka skrini ya kwanza ya karatasi, skrini baada ya testi, na katikati yake kile kilichoonekana kwenye testi kikasababisha mabadiliko. Sema waziwazi wewe ulifanya nini na kundi lilifanya nini, kwenye intavyuu ya kazi wanauliza hilo mapema sana. Ficha nyuso na majina ya washiriki, na kama fomu ya ridhaa ilisema rekodi ni za matumizi ya kozi tu basi hazionekani kwenye potfolio hata kama kile kipande ni kitamu vipi. Alafu angalia tarehe mliyoahidi kufuta rekodi, nenda kwenye fouda la pamoja na simu za wote waliorekodi, futeni.